Muulize Bwana Mifugo: Chiriku aliyelelewa na simu

Miaka 31 nimezunguka vijijini, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki, nikichanja kuku wa watu wasife kwa kideri. Sasa nimestaafu, niko zangu Tanga, nina kuku kumi na wanne na tundu moja tupu linaloning'inia barazani. Tundu hilo lina habari yake, nitaifikia. Mwezi huu barua tano zimegonga mlango mmoja: ndege hujifunzaje, na ni kitu gani kichwani mwake kinachoamua hili alishike, lile aliache. Barua ya kwanza imekula nafasi za wenzake. Wenye majibu mafupi mniwie radhi.

SWALI: Shikamoo Babu. Tawi la mwembe wetu lilikatika kwa upepo, kiota kikaanguka, nikaokota kinda wa chiriku. Nimemlisha kwa mkono mpaka akaota manyoya. Kuna mzee mtaani ana chiriku anayeimba hadi watu wanasimama njiani. Nikamrekodi kwa simu, na kila asubuhi naiweka simu kando ya tundu, inapiga wimbo ule saa nzima. Huu ni mwezi wa saba tangu nianze. Wangu anatoa mlio kama mlango usiotiwa mafuta. Je, nimeokota bubu? Rafiki yangu anasema ipo dawa ya homoni ya kumchangamsha.
*Kijana wa Chiriku, Pangani*

JIBU: Marahaba mwanangu. Ndege wako si bubu. Na dawa hiyo usimpe. Sababu yake nitakupa huko mbele, maana ni tamu kuliko katazo lenyewe.

Mtu akiwa haishi maneno tunasema ana domo kama chiriku, na tukisema hivyo tunadhani chiriku kazaliwa nalo. Aliyezaliwa nalo ni jogoo. Mtotoleshe kwenye mashine, mlee peke yake asisikie jogoo mwenzake hata siku moja, wakati ukifika atawika, na atawika sawasawa. Chiriku hawezi. Yeye yumo katika kundi dogo la ndege ambao sauti yao hutoka kwa mwalimu: waimbaji kama yeye, kasuku, na wale ndege wavumaji wa bara la Amerika wanaofyonza maua wakiwa wamesimama hewani. Kinda wa kundi hili akikua bila kumsikia mkubwa akiimba, hubaki na kelele isiyo na mpango. Mlango usiotiwa mafuta, umeandika, nami sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Mengi tunayoyajua kuhusu jambo hili yametoka kwa ndege mwingine mdogo, wa Australia, mwenye mdomo mwekundu kama pilipili na mistari myembamba kooni. Tumwite finchi-milia. Maabara nyingi zinamfuga kwa sababu ana haraka: dume anaanguliwa, na ndani ya siku 90 hivi ni mwimbaji kamili. Kuanzia kama siku ya 25 humsikiliza baba yake na kuuweka wimbo kichwani. Kisha anaanza kuutafuta kwa koo lake mwenyewe. Mwanzo ni mabwabwajo tu, ya chini chini, kama mtoto mchanga anayezungumza na dari. Charles Darwin alikwisha kuufananisha mlio huo na mabwabwajo ya watoto katika kitabu chake cha mwaka 1871. Anajaribu, anarekebisha, anajaribu tena kutwa nzima, na akifika kama siku ya 90 wimbo unaganda. Ataimba huo huo mpaka kufa.

Sasa nani anamsahihisha? Baba yake hamgongi wala hamkatizi.

Mimi nilisoma chuo cha Kurani kwa maalimu aliyekuwa akishona kofia huku sisi tunamsomea. Ukisoma sawa, kama alivyotazamia, sindano inaendelea. Ukiteleza herufi, sindano inasimama. Lakini likiwapo neno ulilolikosea wiki nzima, na leo ukalipata, maalimu anainua uso anakutazama. Hasemi kitu. Neno hilo hulisahau tena.

Kichwani mwa finchi-milia yumo maalimu wa namna hiyo. Chini, katikati ya ubongo, kuna seli za neva zinazopeleka kemikali iitwayo dopamini kwenye eneo la kujifunzia wimbo. Mwaka 2016 Vikram Gadagkar, Jesse Goldberg na wenzao wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walieleza jinsi walivyozitegea sikio seli hizo. Walimwacha dume aimbe apendavyo, huku kompyuta ikivizia silabi moja tu ya wimbo wake. Silabi ikifika, kompyuta inapiga kelele juu yake, ndege anajisikia kama amekosea. Lakini haikufanya hivyo kila mara. Kama nusu ya nyakati ilimwacha apite. Kila kelele ilipoingia, seli za dopamini zilinyamaa papo hapo. Silabi ile ile iliyozoea kuharibiwa ilipopita salama, zilifyatuka kwa nguvu. Na silabi nyingine, zile ambazo hakuna aliyewahi kuzigusa, hazikuzishtua kabisa: sindano iliendelea kushona. Zingatia, mwanangu, kwamba hapakuwa na punje ya mtama pale wala jike wa kumpongeza. Ndege alikuwa akijisikiliza mwenyewe, na ubongo wake ukimpa alama kwa kadiri alivyokaribia au kupita kile alichotazamia.

Haya, maalimu huyo atasahihisha vipi kama hana msahafu mkononi? Lazima kwanza wimbo sahihi uwe umeingia. Hapo ndipo simu yako ilipokwama.

Mwaka 2018 Masashi Tanaka, Richard Mooney na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke walitazama kundi jingine la seli za dopamini, lililo ndani zaidi, linalopeleka matawi yake kwenye kituo cha ubongo kinachoongoza uimbaji. Kinda alipokaa na dume mkubwa akimwimbia, seli hizo zilichangamka na dopamini ikamwagika kwenye kituo hicho. Wimbo ulipopigwa kwa spika, hazikuchangamka. Watafiti walipoziharibu nyuzi hizo za dopamini, kinda alikaa na mwalimu hai na asitoke na wimbo wake. Kisha wakageuza mkono: wakapiga wimbo kwa spika, na wakati huo huo wakaziamsha nyuzi zile kwa mwanga. Makinda wakaunakili wimbo wa spika. Yaani sauti ilikuwa inafika sikioni siku zote. Kilichokosekana ni ule muhuri unaosema pokea.

Mimi nilikuwa nimekwisha kulipa gharama ya somo hili miaka mingi kabla halijaandikwa. Tundu langu la barazani lilikuwa la chiriku niliyempata kinda kama wewe. Sikuwa na simu, nilikuwa na redio kaseti. Nikamfungia chumba cha uani asivurugwe na kunguru, nikawa nampigia mkanda asubuhi na jioni, mkanda ulipokatika nikauunga kwa gundi ya karatasi. Jirani yangu alikuwa na chiriku mwimbaji mita thelathini tu kutoka pale. Nilidhani nikiwakutanisha watafundishana ujinga! Wangu alikufa msimu wa kusi hajui hata kifungu kimoja, na mimi nikajiita mtaalamu wa mifugo.

Kitu kimoja kingenisaidia hata kwa redio ile. Kuna majaribio ambapo kinda alipewa kitufe. Akikidonoa, kinampigia wimbo mfupi. Makinda waliojiombea wimbo hivyo walijifunza vizuri, ilhali wenzao waliopigiwa wimbo huo huo bila kuuomba waliambulia kidogo. Saa nzima ya simu kila asubuhi kwake ni kama mvua juu ya bati. Ameshazoea.

Na neno moja kuhusu asubuhi. Usimhukumu saa hiyo. Finchi-milia wachanga huamka wakiimba vibaya kuliko walivyolala, kisha wanajikusanya kadiri mchana unavyokwenda, na wale wanaoharibu zaidi asubuhi ndio waliokuja kumwiga mwalimu vizuri zaidi mwishowe. Usiku ubongo haukai bure: mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba seli zinazoongoza wimbo hufyatuka ndege akiwa usingizini kwa mpangilio ule ule wa kuimba. Analala anadurusu.

Sasa dawa. Homoni anayoizungumzia rafiki yako nadhani ni testosteroni. Ina kazi yake kweli: ndiyo inayomtia dume hamu ya kuimba, na ndiyo inayosaidia wimbo kuganda. Humo ndimo hatari ilimo. Finchi-milia wachanga waliopewa testosteroni mapema walikuja kuwa na wimbo maskini, silabi chache, kwa kuwa saruji ilimwagwa kabla nyumba haijapangwa. Ukimchangamsha ndege asiyejua kitu, utapata mlango usiotiwa mafuta unaofunguliwa kwa nguvu zaidi.

Je, umechelewa? Angekuwa finchi-milia ningekwambia zoea mlio wake. Lakini chiriku ni ukoo mmoja na kanari, yule wa njano wa madukani, na kanari ana tabia nyingine: hurekebisha wimbo wake mwaka hadi mwaka. Fernando Nottebohm, aliyewachunguza kanari kwa miaka mingi kwenye Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, alionyesha mwaka 1981 kwamba kituo cha wimbo katika ubongo wa dume huwa kikubwa mara mbili hivi majira ya kuzaliana kuliko baada ya msimu kwisha. Testosteroni inapanda, kituo kinavimba, inashuka, kinasinyaa, na katika kusinyaa na kuvimba huko wimbo unapata mlango wa kubadilika. Baadaye yeye na Steven Goldman wakaonyesha kwamba seli mpya za neva huzaliwa humo hata kwa ndege mzima, jambo ambalo wengi hawakulitaka wakati ule, kwani iliaminika ubongo mkubwa hauongezi hata seli moja. Kwa hiyo siahidi, ila mlango sijaufunga.

Fanya hivi. Kwanza hakikisha ni dume. Jike wa chiriku rangi yake imefifia, na huenda umemlaumu binti wa watu bure. Pili, zima simu. Tatu, mpelekee mzee yule salamu na kilo ya sukari, umwombe utundike tundu lako pembeni ya lake, waonane, kila siku jioni au wiki nzima mfululizo kama atakubali. Kama ana jike, naye awepo. Huko Marekani Kaskazini yuko ndege anayetaga kwenye viota vya wengine, na mwaka 1988 Meredith West na Andrew King walieleza jinsi majike wake, ambao hawaimbi kabisa, wanavyomfundisha dume: akiimba kipande kinachowapendeza wanapepesa bawa, kidogo tu, kufumba na kufumbua, naye anakirudia kipande hicho. Kwa finchi-milia dopamini huongezeka kwenye eneo la wimbo dume anapomwimbia jike, na wimbo wake hunyooka kuliko anapojiimbia peke yake. Mwanamume yeyote aliyewahi kuvaa kanzu ya harusi analijua hili bila maabara.

Nne, huyu wa kuokota ni sawa, ila usiende kutega wengine kwa ulimbo. Kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa.

SWALI: Bwana Mifugo, nilitotolesha vifaranga 60 kwa mashine. Siku nne za kwanza nilikuwa nawapelekea chakula na maji kwa ndoo nyekundu, mchana kutwa mimi na ndoo. Siku ya tano nikawaletea koo ambaye mayai yake yaliharibika, awalee. Vifaranga walimkimbia kama wameona kicheche, naye akawadonoa. Sasa nikienda bombani na ndoo wananifuata foleni nzima, majirani wanacheka. Ni ugonjwa?
*Mama Vifaranga, Kibaha*

JIBU: Mwanangu, si ugonjwa, umekuwa mama. Wewe au ndoo, hilo utalijua ukiitanguliza ndoo peke yake kwa kamba.

Kifaranga haji duniani akijua mama yake anafananaje. Anakuja na agizo moja: kilicho kikubwa kiasi, kinachosogea, ukikiona mwanzo mwanzo, kifuate na ukikariri. Mwingereza Douglas Spalding aliliandika jambo hili mwaka 1873. Aliwavika vifaranga vikofia mara walipoanguliwa wasione kitu. Aliowavua mapema walimkimbilia na kumfuata. Waliokaa na vikofia mpaka karibu siku ya nne, walipovuliwa, walimkimbia kwa hofu kuu. Mtu yule yule, banda lile lile. Kilichobadilika ni kalenda. Baadaye Konrad Lorenz wa Austria akawa maarufu kwa mabata bukini waliomfuata yeye mpaka majini, na mwaka 1973 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Niko Tinbergen na Karl von Frisch.

Kalenda hiyo inaandikwa na nini? Hapa Wajapani wametupa jibu ambalo mimi limenifurahisha kuliko yote ya mwezi huu, kwa sababu linahusu kitu kilichomo kwenye pakiti yako ya chumvi. Tezi ya thairoidi, ile ya kooni ambayo ikivimba kwa mtu tunasema ana rovu, hutengeneza homoni kwa madini joto. Sehemu kubwa inatoka ikiwa na atomi nne za madini hayo, ikiwa bado butu. Ikinyofolewa moja, zikabaki tatu, inapata makali. Mwaka 2012 Koichi Homma na wenzake walieleza kwamba kifaranga anapoanza kukifuata kitu cha kwanza, unyofoaji huo huongezeka kwenye mishipa midogo ya damu ya ubongo wake, na homoni yenye makali inamiminika ndani. Hiyo ndiyo inayofungua muda wa kukariri mama. Kwa kawaida muda huo hufungwa baada ya siku tatu hivi. Lakini kifaranga wa siku ya nne, aliyekwisha kuchelewa, alipodungwa homoni hiyo, aliweza kukariri upya.

Angalia basi jinsi mambo yalivyofungamana: kutazama ndiko kulikoita kemikali, na kemikali ndiyo iliyowezesha kutazama kushike. Ndoo yako ilipita kwenye mlango ukiwa wazi, koo akafika umefungwa.

Usitafute sindano ya homoni, tafadhali. Safari nyingine, ukitaka koo awalee vifaranga wa mashine, mpe siku ya kwanza au ya pili, na umpe usiku. Muache akae juu ya mayai ya uongo siku kadhaa kabla, kisha kwenye giza utoe yai uweke kifaranga, utoe yai uweke kifaranga, polepole, mkono wako ukipita chini ya kidari kwenye joto lake. Alfajiri atawasikia wakilia chini yake, nao watafungua macho wamwone yeye. Kwa hawa ulio nao, itumie ndoo hiyo hiyo. Jioni ipitishe mlangoni mwa banda nao wataingia wote. Nina wafugaji wanaohangaika na fagio saa nzima kufanya kazi hiyo.

SWALI: Ndugu yangu, niliwatilia kuku maji ya mwarobaini kwenye chombo cha bluu. Wakanywa funda moja wakaacha. Nikakiosha chombo, nikaweka maji safi, hawakigusi wiki ya pili sasa, wanakunywa matope. Je, harufu imebaki?
*Mzee mwenzio, Moshi*

JIBU: Mzee mwenzangu, harufu ungeisikia wewe pia. Wanaichukia bluu.

Mwaka 1971 lilichapishwa jaribio moja zuri lililowalinganisha panya na kware. Wote walinyweshwa maji machachu yaliyotiwa rangi ya bluu, kisha wakafanywa waugue. Baadaye panya waliogopa uchachu. Kware waliogopa bluu kuliko uchachu. Panya hula gizani na kuamini ulimi. Ndege anaamini jicho.

Na anajifunza mara moja tu. Mwingereza Steven Rose alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza kitu hicho kwa vifaranga wa siku moja. Unamletea ushanga mdogo unaong'aa uliopakwa kitu kichungu. Anaudonoa, maana kifaranga hudonoa chochote kinachong'aa. Anatikisa kichwa, anarudi nyuma, anafuta mdomo chini huku na huku. Kesho umletee ushanga mkavu wa namna ile, haugusi. Katika tendo hilo moja seli zake za ubongo zimetengeneza protini mpya. Ukizizuia zisitengeneze, kesho anaudonoa tena kama hajawahi kuuona. Huko Monash, Australia, Marie Gibbs alionyesha upande wa pili: uchungu ukiwa hafifu, kumbukumbu hudumu kama nusu saa kisha inayeyuka, lakini ikiongezwa noradrenalini, kemikali ambayo mwili huimwaga wakati wa mshtuko, kumbukumbu hiyo hafifu inabaki. Mwarobaini wako, bila shaka, haukuwa hafifu.

Chombo cha bluu kipe kazi ya kuwekea pumba, maji weka kwenye chungu au kopo jeupe. Na kideri hakiponi kwa mwarobaini. Kinazuiwa kwa chanjo ya tone la jicho, mzee wangu. Nimesema hivi miaka 31 na nitasema mpaka mhariri anifukuze.

SWALI: Mwalimu, tumefundishwa kwamba dopamini ni kemikali ya furaha. Kwa hiyo ndege akiimba amefurahi?
*Mwanafunzi wa sekondari, Kisumu*

JIBU: Soma jibu la Kijana wa Chiriku, kisha ulifute neno furaha kwenye daftari. Seli zile zilipima ubora uliozidi matarajio. Ndege anayeimba vizuri kama kawaida yake hazimpi nyongeza yoyote.

Raha ipo, ila kwa sehemu kubwa inapita mlango mwingine. Lauren Riters wa Chuo Kikuu cha Wisconsin amewachunguza kwezi wa Ulaya, ambao msimu wa kuzaliana ukipita huendelea kuimba wakiwa kundini, bila jike wa kutafutwa wala eneo la kugombewa. Kuimba huko kunakwenda pamoja na kemikali za mwilini zenye kazi kama ya afyuni. Kwezi hao walipoachiwa wachague, walipenda kukaa mahali ambapo walikuwa wamewekwa baada ya kuimba. Mtihani ukikuuliza, andika walivyofundisha shuleni. Ukipata chuo, bishana nao.

SWALI: Marehemu mume wangu aliniachia kasuku wa kijivu. Mwaka mzima namfundisha kusema shikamoo, nasimama mbele yake narudia na kurudia, kimya. Juzi fundi bomba alijigonga nyundo kidoleni akatoa tusi zito, msaidizi wake akamjibu kwa tusi zito zaidi. Kasuku amelishika siku hiyo hiyo! Wageni wakija namfunika kanga. Nifanyeje?
*Bi Mkubwa, Mombasa*

JIBU: Shikamoo Bi Mkubwa, angalau kutoka kwangu uipate. Kwanza, usishawishike kumtafutia mwenzake. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini imepigwa marufuku tangu 2017, misitu ya Kongo imekamuliwa vya kutosha.

Kuhusu tusi: lilikuja na kila kitu ambacho shikamoo yako imekosa. Lilikuwa na mshtuko, lilikuwa na watu wawili, na lilijibiwa. Irene Pepperberg alimnunua kasuku wake Alex mwaka 1977 kwenye duka la wanyama, akafanya naye kazi mpaka Alex alipokufa mwaka 2007 akiwa anajua maneno zaidi ya 100, na akiyatumia kutaja rangi, maumbo na hesabu. Hakumfundisha kwa kusimama mbele yake na kurudia. Alileta mtu wa pili. Mmoja anauliza, mwingine anajibu, akijibu sawa anapewa kitu chenyewe kilichotajwa, akikosea ananyimwa, kisha wanabadilishana zamu, huku kasuku anatazama kwa wivu mpaka anataka kuingia mchezoni.

Basi mwite mjukuu. Keti naye mbele ya tundu, wewe ukiwa na korosho mkononi. Mjukuu apige kelele shikamoo, kwa moto ule ule wa fundi bomba; uitikie marahaba kwa sauti kubwa, umpe korosho aile pale pale mdomo ukitoa sauti. Mbadilishane. Kasuku asipewe kitu mpaka ajaribu. Na tusi likitoka, msicheke, msigutuke, wala msikimbilie kanga. Kanga ndiyo inayomjibu.